Stika inasema "haraka". Soketi inasemaje?

Ukisimama mbele ya rafu ya maikrowevu dukani utakuta koo mbili. Kuna zile ndogo za kupashia, ambazo kazi yake ni wali wa jana na chai iliyopoa. Halafu pembeni, kwa bei inayokufanya uinamie kibandiko mara ya pili, zipo zile zinazojiita oveni za kasi: maikrowevu, grili na oveni ya feni ndani ya sanduku moja. Stika yake inakuambia itapika mara kadhaa haraka kuliko oveni ya kawaida. Muuzaji naye anaongezea ya kwake.

Je, ni kweli? Jibu langu ni ndiyo, ila kwa vyakula vichache, na kwa mashine inayotimiza sharti moja ambalo stika hailitaji. Kwa kuwa pesa yenyewe si ndogo (wengi wetu tungeinunua kwa kudunduliza), naomba tuivue hiyo mashine koti tuone ndani kuna nini. Hesabu zipo, ila ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Tuanze na kuku, maana ndiye anayepigwa picha kwenye kila kasha.

Oveni ya kawaida hupasha hewa, hewa ikapasha ngozi ya kuku, na kutoka hapo joto linatembea lenyewe kuelekea mfupani, chembe ikimsukuma jirani yake. Ni safari ya miguu, tena ina kanuni chungu: umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Ndiyo sababu paja moja linaiva upesi na kuku mzima anakuweka mezani unasubiri. Unaweza kufikiri dawa ni kuongeza moto. Jaribu uone: nje mkaa, ndani damu. Moto mkali unaifikia ngozi haraka, lakini safari ya ndani haibadiliki sana, kwa sababu nyama na maji yake ni wapitishaji wabaya wa joto.

Maikrowevu inaingilia hapo hapo. Mawimbi yake, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, yanatetema mara bilioni 2.45 kwa sekunde, na chembe za maji zinahangaika kuyafuata. Mahangaiko hayo ndiyo joto. Huenda umesikia kwamba maikrowevu inapika kuanzia ndani kwenda nje. Si kweli. Mawimbi yanaingia kutoka nje na kupungua nguvu kadiri yanavyozama. Kwenye vyakula vingi vyenye maji, sehemu kubwa ya nguvu inaishia ndani ya sentimita moja hadi tatu hivi za mwanzo. Faida yake ni kwamba badala ya joto kuanza safari kwenye ngozi, linaanzia sentimita kadhaa ndani. Kama safari ilikuwa ya sentimita nne na sasa imebaki mbili, kumbuka kanuni yetu: muda umeshuka hadi robo. Hiyo ndiyo siri yote ya kasi. Hakuna kingine.

Na wale wanaoogopa "mionzi": mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi, yanazitikisa tu chembe za maji, na wavu wa chuma ulio kwenye kioo cha mlango una matundu madogo mno kwa wimbi la sentimita 12 kupita. Mlango uliopinda au usiofunga sawasawa ndio wa kuogopa. Tuendelee.

Tatizo la maikrowevu tupu unalijua kwa ulimi. Chapati inatoka kama kandambili. Kuku anaiva lakini anabaki mweupe, kama aliyechemshwa wodini. Sababu ni maji yale yale. Mradi uso wa chakula una unyevu, hauwezi kupanda sana zaidi ya nyuzi 100, kwa kuwa kila joto linaloongezeka linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Na hewa ndani ya maikrowevu ni ya baridi, haisaidii kukausha. Ule wekundu wa kahawia na harufu ya choma unatokana na mjibizo kati ya protini na sukari ambao mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, na mjibizo huo unakwenda kwa kasi ya maana uso ukifika nyuzi 140 hivi na kuendelea. Kati ya 100 na 140 kuna ukuta, na ukuta huo umejengwa kwa maji.

Kuuvunja ni gharama. Tazama hesabu hii, kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote katika makala. Kumtoa kuku wa kilo moja na nusu kutoka joto la friji hadi nyuzi 75 ndani kunahitaji kilojuli 350 hivi. Lakini wakati anachomeka, grama 200 tu za maji yake zikigeuka mvuke, zinakula kilojuli 450. Yaani kumkausha ngozi kunaweza kula nishati nyingi kuliko kumuivisha! Ndipo unaelewa kwa nini oveni ya kasi lazima iwe na kazi mbili: mawimbi yashughulike na ndani, na joto kavu (grili, taa za halojeni, au hewa ya moto inayopulizwa) lishughulike na ngozi.

Kuhusu kupuliza: umewahi kumpoza mtoto uji kwa kuupuliza? Juu ya uji kuna tabaka jembamba la hewa iliyotulia, kama shuka. Ukipuliza, unaivuta shuka. Oveni ya feni inafanya kinyume chake: chakula ni baridi, hewa ni ya moto, na upepo unaiondoa shuka ili joto liingie. Mashine za migahawani zinapeleka jambo hili mbali, zinarusha mishale ya hewa ya moto kwa nguvu hadi sandwichi inatoka imekauka nje na jibini imeyeyuka ndani kabla hujamaliza kulipa. Za nyumbani zina feni ya kawaida tu. Kwa hiyo ukiona video ya mkahawani inatumiwa kuuza mashine ya nyumbani, tabasamu uende.

Sasa sharti nililolitaja.

Kazi hizo mbili zinafanyika *kwa pamoja*, au *kwa zamu*? Mashine nyingi za bei ya chini zenye kitufe cha "combi" zinapokezana: mawimbi sekunde kadhaa, zima, grili sekunde kadhaa, zima, rudia. Fungua kitabu cha maelekezo ukurasa wa vitufe. Ukikuta maneno kama "asilimia 30 ya muda maikrowevu, asilimia 70 grili", basi umeshapata jibu lako: hizo ni zamu. Katika dakika kumi, mawimbi yamefanya kazi dakika tatu. Hapo unapata wekundu, ni kweli, na si jambo baya. Ila ile kasi ya kwenye stika, ya ndani na nje kusonga wakati mmoja, hujaipata. Umenunua maikrowevu na grili zinazoishi nyumba moja bila kusalimiana.

Kuna njia nyingine ya kulijua bila kuamini kitabu. Nyuma au ubavuni mwa mashine pana kibati chenye namba. Tafuta wati zinazoingia kwa maikrowevu, wati za grili, wati za feni, na wati za mchanganyiko. Kama mchanganyiko umeandikwa ni mkubwa kuliko kila kimoja peke yake, tuseme maikrowevu inavuta 1,400, grili 1,200, na mchanganyiko 2,600, basi vinafanya kazi pamoja. Kama hakuna namba ya mchanganyiko, au ni sawa na ile kubwa kati ya hizo mbili, shuku zamu.

Hapo hapo kwenye kibati utakutana na mchezo mwingine, mkongwe kuliko huu. Namba kubwa iliyoandikwa usoni inaweza kuwa ya umeme unaoingia, wakati kinachokifikia chakula ni pungufu. Maikrowevu inayovuta wati 1,400 inatoa mawimbi ya wati 900 hivi. Zilizobaki ni joto la mashine yenyewe, ndilo lile linalotoka nyuma na kuwapa mende wako makazi. Unapolinganisha mashine mbili, linganisha wati zinazotoka na wati zinazotoka.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mashine iko peke yake duniani. Haiko. Imechomekwa ukutani, na ukuta ndio bosi.

Historia kidogo itasaidia. Oveni ya kwanza ya maikrowevu kuuzwa, Radarange ya kampuni ya Raytheon mwaka 1947, ilikuwa kabati la urefu wa mtu, kilo 340 hivi. Ilitokana na mitambo ya rada ya vita. Mhandisi Percy Spencer ndiye aliyepewa sifa ya kuligundua wazo lenyewe. Ilichukua miaka ishirini mpaka 1967 ndipo ikapatikana ya kuweka juu ya meza ya jikoni iliyokubalika na wengi, huko huko Marekani. Na oveni za kasi za nyumbani kwa maana tunayoizungumzia, mawimbi na taa kali za halojeni kwa pamoja, zilitangazwa sana pale GE ilipoleta Advantium mwaka 1999. Nawaleta GE hapa kwa sababu mashine yao ni somo zuri la fizikia: waliiuza kwa volti 240, ikihitaji waya wake maalumu kutoka kwenye bodi ya umeme, kisha wakaleta pia ya volti 120 kwa jikoni za kawaida za Kimarekani. Jina ni moja, kasi si moja, na haiwezi kuwa moja. Soketi ya kawaida ya kwao ni volti 120 kwa ampea 15, na ukizidisha unapata wati 1,800. Toa 1,400 za maikrowevu. Zimebaki 400 za kukausha ngozi ya kuku. Hizo ni wati za pasi ndogo ya safari.

Sasa geukia soketi yako ya pini tatu za bapa, ya Nairobi, Kampala au Dar. Volti 240, fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi: wati 3,100 hivi. Katika jambo hili tumewapita Wamarekani bila kutoa jasho. Mashine inayovuta 2,600 kwa mchanganyiko inaingia kwenye soketi yetu bila kumwita fundi kuvuta waya mpya. Uingereza ni vile vile, nasi plagi hizi tulizirithi kwao, ndiyo maana mashine zinazotufaa zaidi ni zile zilizotengenezwa kwa masoko ya namna hiyo.

Na hapa naomba uwatumie makala hii ndugu walio Marekani kabla hawajafunga kontena.

Kila msimu wa kurudi nyumbani kuna shangazi au binamu anayeleta oveni nzuri kutoka huko, ya volti 120, na kila mtu anasema "hamna shida, tutaweka transfoma". Transfoma inashusha volti kutoka 240 hadi 120, sawa. Lakini umeme wa Marekani unageuka mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50, na transfoma ya kushusha haibadilishi idadi hiyo hata kwa mara moja. Ndani ya maikrowevu za kawaida, zisizo na inverta, mna transfoma nyingine ya chuma inayopandisha umeme hadi volti elfu kadhaa kwa ajili ya magnetroni. Chuma chake kimepimwa kwa 60. Kwenye 50, kila mzunguko unakaa muda mrefu zaidi, usumaku unaojijenga ndani ya chuma unaongezeka kwa asilimia 20, na chuma hicho, ambacho watengenezaji walikibana ili kupunguza gharama, kinashiba. Kikishashiba, mkondo unaruka juu, transfoma inanguruma na kuchemka. Pengine itafanya kazi miezi. Pengine itanuka siku ya kwanza. Dalili ya kuchekesha ni saa: kwa mashine zinazohesabu muda kwa kufuata mizunguko ya umeme, kila saa moja inachelewa dakika kumi, na "dakika tano" zako za kupasha ni sita.

"Basi alete ya volti 240 ya huko huko." Hapana, subiri. Volti 240 ya Marekani inapatikana kwa kuunganisha waya mbili za moto za 120 kila mmoja, na vifaa vingi vya jikoni vya namna hiyo vina sehemu za ndani, taa au saketi, zinazotegemea zile 120. 240 yao na 240 yetu ni namba moja, ila hazikuzaliwa tumbo moja. Na bado ni mizunguko 60. Mwambie shangazi alete pesa.

Wati 3,100 za soketi yetu nazo ni za kwenye karatasi. Mambo mawili yanazila. La kwanza ni ekstensheni. Joto kwenye waya linakua kwa mraba wa mkondo: mkondo mara mbili, joto mara nne. Ekstensheni iliyozoea televisheni na chaja za simu, ukiibebesha ampea 11 kwa nusu saa, inageuka kuwa hita ya pili, ila hii iko nyuma ya pazia. Mashine hii inachomekwa ukutani moja kwa moja, basi. Na kile kilinda friji ulichonacho, soma ampea zake kabla hujakihamishia huku. Vingi vidogo vimetengenezwa kwa friji, ambayo inavuta kidogo sana.

La pili ni volti ya jioni. Kila mtu akirudi nyumbani akawasha pasi na jiko, mitaa mingine volti inashuka. Tuseme imeshuka kutoka 240 hadi 200. Unaweza kufikiri umepoteza moja ya sita. Kumbe kwa grili na hita, nguvu nayo inafuata mraba: 200 kwa 240, jizidishie, unapata 0.69. Grili ya wati 1,200 imekuwa ya 830. Kuku wa kitabu aliyepaswa kutoka mwekundu kwa dakika 30 anatoka kijivu, nawe unadhani umekosea mapishi. Kwa upande wa mawimbi, mashine zenye inverta huwa zinastahimili hali hii vizuri kuliko zenye transfoma ya chuma. Zina faida nyingine pia: ukiziambia nguvu nusu zinatoa nusu mfululizo, wakati za kawaida zinatoa nguvu yote, zinazima, zinatoa yote tena, ndiyo ule mlio unaousikia ukija na kuondoka. Kwenye upishi wa mchanganyiko mashine yenye inverta inaweza kutuliza mawimbi hadi wati 300 na kuachia hita sehemu kubwa ya umeme. Kama nafasi ya mfukoni inaruhusu kitu kimoja cha ziada, mimi ningelipia inverta kabla ya kulipia skrini ya kugusa au hiyo orodha ya "mapishi 100 ya kubonyeza".

Kisha, tunakula nini?

Hapa ndipo ukosoaji wangu mkubwa ulipo, kwa sababu hesabu za kasi kwenye makasha zimefanywa kwa kuku wa kuoka, piza, viazi vya kuoka, lazanya. Fungua sufuria zetu. Ugali, wali, maharage, makande, ndizi, chai ya maziwa, mchuzi. Karibu vyote ni maji yanayochemka. Na kwenye maji oveni ya kasi haina la kukuambia. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 inahitaji kilojuli 314. Maikrowevu inayotoa wati 900 itachukua karibu dakika sita, ikivuta umeme wa 0.14 ya uniti. Birika la umeme la wati 2,200 linamaliza kabla ya dakika tatu, kwa 0.10 ya uniti. Birika! Kile kitu cha bei ya chini kabisa kwenye rafu ya pembeni.

Maharage ni mbaya zaidi. Yanakuwa magumu si kwa kukosa wati. Yanahitaji muda kwenye joto ili kuta za chembe zake zilainike, na maji yakishachemka, hata ukiyapiga kwa wati elfu kumi hayapandi joto, yanakauka tu. Kinachoharakisha maharage ni kupandisha kiwango chenyewe cha kuchemka, na hiyo ni kazi ya jiko la presha, ambalo linafika nyuzi 115 hadi 120. Kama kinachokula muda wako na gesi yako nyumbani ni maharage na makande, na kwa nyumba nyingi ndivyo ilivyo, chukua jiko la presha la umeme, na chenji ibaki. Oveni ya kasi kwa nyumba hiyo ni pambo.

Inapoonyesha kazi ni kwingine. Kuku wa vipande au mzima, samaki mzima (changu wa kilo moja anapendeza sana humo, ngozi inakauka kabla nyama haijawa nyuzinyuzi), viazi vitamu vya kuoka, mkate wa kumimina kwa wale wenye mkono wa kukadiria. Na kupasha: sambusa za jana, mandazi, nyama choma iliyobaki, vitu ambavyo maikrowevu tupu inavitia aibu. Ukipasha sambusa kwa mawimbi kidogo na hewa ya moto kwa pamoja, maji ya ndani yanapata moto na ganda linakauka kwa wakati mmoja. Kwa nyumba inayopika biashara ndogo ya vitafunwa, hapo naona sababu ya kweli ya kununua.

Umeme wake je? Kwa kadirio langu, mashine inayovuta 2,600 kwa dakika 30 haizidi 1.3 ya uniti, hata kama haipumziki. Oveni ya kawaida ya wati 2,500, ukihesabu robo saa ya kupata moto na saa moja na robo ya kuoka huku ikiwaka nusu ya muda, inakaribia uniti mbili na kidogo. Kwa kuku mmoja umeokoa karibu uniti moja na karibu saa nzima. Zidisha kwa idadi ya kuku unaooka kwa mwezi na bei ya uniti unayolipa kwenye tokeni zako, halafu gawanya tofauti ya bei ya mashine kwa jibu hilo. Ukipata miezi 30, fikiria. Ukipata miezi 300, umeshajibiwa. Kinachobaki ni muda, na muda wako unaujua thamani wewe: mtu anayerudi saa mbili usiku na watoto hawajala hatafanya hesabu sawa na mimi ninayekula kantini.

Nitaje pia mshindani ambaye vipeperushi vya oveni za kasi vinamkwepa: maikrowevu ndogo ya kawaida pamoja na kikaangio cha hewa, hizi eafraya. Ni vitu viwili, lakini kwa kawaida jumla ya bei yake iko chini, na kimoja kikifa kingine kinaendelea kuishi. Unapasha ndani kwenye kimoja, unahamishia kingine kukausha nje. Fizikia ni ile ile, ila kwa zamu, na mhamishaji ni wewe. Kwa mtu mmoja au wawili, nisingesita. Eafraya inashindwa na ukubwa: samaki wa familia haingii. Oveni ya kasi ina nafasi, ingawa lita zinazoandikwa nazo zisikuhadae. Chukua sinia lako ulilozoea, au japo upime kipenyo chake kwa kamba, uende nayo dukani.

Kuna kero ambazo hutaziona dukani. Maikrowevu tupu ni rahisi kusafisha kwa sababu kuta zake ni baridi. Oveni ya kasi ina kuta za moto, mafuta yanarukia na kuungua hapo, na mafuta yaliyoungua yakibaki yanakula nishati ya mawimbi na kutoa moshi. Kila wiki utakuwa na kitambaa mkononi. Inahitaji pia nafasi ya kupumua nyuma na juu. Ukiisukumia kwenye kabati la mbao lililoikaa kama kiatu, unaifupisha maisha. Na zile waya za kuinulia chakula: tumia zilizokuja nayo tu, kwa kuwa zimepimwa ziweze kukaa na mawimbi bila cheche.

Umeshachagua? Kabla hujalipa, au angalau kabla muda wa kurudisha haujaisha, ifanyie mtihani. Pima lita moja ya maji ya kawaida kwenye bakuli la kioo, koroga, pima joto kwa kipimajoto cha jikoni. Weka maikrowevu peke yake, nguvu zote, sekunde 60. Toa, koroga tena, pima. Kila nyuzi moja iliyoongezeka ni wati 70 hivi zilizofika kwenye maji. Zikipanda nyuzi 12 au 13, zile wati 900 za kwenye kibati zipo kweli, ukikumbuka kwamba bakuli nalo limejichukulia kidogo. Zikipanda nane, hizo ni 560. Rudia mara moja na maji mapya, kisha mara nyingine saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha, uandike namba zote tatu pembeni ya risiti.